Shangazi, sokoni wanamwita mama yangu "Mama Dola"

Shikamoo shangazi.

Mimi ni msichana wa miaka 23, mzaliwa wa Kisumu, na kazi yangu ni kucheza tenisi. Sisemi tenisi ya kujifurahisha Jumapili. Nimo kwenye orodha ya dunia ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake ya kulipwa, ingawa ni huko chini kabisa, nafasi ya elfu moja na mia na ushee. Nilianza nikiwa mdogo, nikiokota mipira katika klabu moja ya hapa mjini ambako marehemu baba alikuwa akikata nyasi na kuchora mistari ya uwanja. Wanachama walinipa raketi kuukuu, mwalimu mmoja akanishika mkono, na mengine yakaja yenyewe.

Mwaka jana mama alikopa kwenye chama chao cha kuweka na kukopa ili nipate nauli ya kwenda Monastir, Tunisia. Kule karibu kila wiki kuna mashindano ya W15, daraja la chini kabisa la tenisi ya kulipwa ya wanawake, kwa hivyo unakaa hoteli moja na kucheza wiki kadhaa mfululizo. Kabla sijaondoka, binamu yangu aliona kwenye simu kwamba ni mashindano ya dola 15,000. Akaweka habari hiyo kwenye kundi la familia. Hakuna aliyeuliza dola hizo ni za nani.

Niliposhinda mechi yangu ya kwanza, mama akatangaza pale Kibuye anakouza omena kwamba mtoto wake amepata dola elfu kumi na tano. Tangu siku hiyo wenzake wanamwita Mama Dola. Shangazi, nilichopata hakikutosha hata kulipia hoteli ya wiki ile. Nilikuwa na raketi mbili. Moja nyuzi zilikatika kwenye mechi ya mchujo, nikamaliza na ile nyingine iliyolegea, kila nikipiga mpira naomba Mungu isikatike, kwa maana kufungiwa nyuzi pale ni pesa. Wiki zilizofuata nikatolewa raundi ya kwanza. Picha nilizoweka WhatsApp zilikuwa za bahari na maua ya hotelini.

Niliporudi walikuja kunipokea uwanja wa ndege wamejaa matatu nzima. Ningesema nini? Nikakopa kwenye simu, nikamnunulia mama blanketi zito na viatu, watoto nikawapa vya kuwapa. Mjomba wangu wa Ahero akaniita kando akaniambia sasa nimsaidie karo ya mwanawe. Nikamtumia kidogo, akasema "hii ni ya kuanzia". Sasa nakopa programu moja ili nilipe nyingine. Chama nao wanamdai mama, na mama anawajibu wavumilie, pesa za mtoto bado zimekwama benki.

Halafu juzi nikapata ujumbe Instagram kutoka kwa mtu nisiyemjua. Anataka mashindano yajayo nipoteze gemu mbili za seti ya kwanza. Si mechi, ni gemu mbili tu, naye atanitumia dola 2,000. Niliufuta. Lakini sitakudanganya, nililala nao usiku mzima kabla ya kuufuta.

Kuna shule ya kibinafsi hapa Kisumu inayotaka niwafundishe watoto tenisi kwa mshahara wa kila mwezi. Nikikubali, watu watasema nimefeli. Kila ninakopita naulizwa Wimbledon, yale mashindano makubwa ya Uingereza, ni lini, mbona Mkenya mwenzetu Angella Okutoyi alifika. Na mdogo wangu wa kidato cha tatu, ambaye kwa kweli ana mkono mzuri kunishinda, anataka aache shule anifuate.

Niache tenisi? Na mama nitamwambia nini?

Nimechoka kuigiza, Kisumu

*

Marahaba mpwa wangu.

Umeniuliza maswali mawili ukaacha la tatu, na hilo la tatu ndilo lenye haraka. Huo ujumbe uliofuta, uripoti leo. Tenisi ina shirika lake la kulinda uadilifu, ITIA, na kanuni yake haina kona: mchezaji akifuatwa na mtu wa kupanga matokeo, lazima aseme mara moja. Kukataa peke yake hakukuokoi. Kunyamaza ni kosa, na wapo waliofungiwa kwa kunyamaza. Haya yote yamo kwenye lile somo la mtandaoni mnalolazimishwa kulimaliza, ambalo najua wengi wenu mnabofya tu hadi mwisho mkiwahi mazoezi. Andika jina la akaunti kama unalikumbuka, tarehe, na maneno yenyewe kadiri unavyoyakumbuka. Sema wazi kwamba uliufuta na kwa nini.

Gemu mbili si kitu kidogo. Hivyo ndivyo wanavyoanza. Mechi za W15 zinachezewa kamari dunia nzima, na wanaopanga hawamfuati mchezaji wa kumi bora, maana huyo hana njaa. Wanamtafuta aliye nafasi ya elfu moja, mwenye deni la simu. Ukishapokea zile dola mara moja, safari ijayo hawakuombi, wanakuamuru, kwa kuwa wana ushahidi wa kukumaliza. Adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa maisha, na kufungiwa huko kunakufuata mpaka kwenye ukocha. Hata ile shule ingesita kukuajiri.

Sasa tuje kwenye hizi dola 15,000, kwa sababu naona ndizo zilizoivuruga nyumba yenu, na naomba mama naye asomewe sehemu hii.

Dola 15,000, karibu shilingi milioni mbili, ni jumla ya zawadi za mashindano yote. Ni kama ng'ombe wa matanga: ukisikia kwa fulani kumechinjwa ng'ombe, huendi nyumbani na ng'ombe, unaenda na kipande kilichoanguka kwenye sahani yako. Wanaokula ni wachezaji 32 wa mmoja mmoja, na timu za wawili wawili juu yake. Bingwa, aliyeshinda mechi tano wiki moja bila kupoteza hata moja, anapata kiasi cha dola 2,350, yaani kama shilingi laki tatu. Anayetolewa raundi ya kwanza anapata dola 150 hivi, hata shilingi elfu 20 hazifiki, na hapo kodi ya nchi husika haijakatwa. Anayeishia kwenye mchujo, kabla ya kuingia droo kuu, usiulize. Kwa upande wa gharama kuna tiketi ya ndege, hoteli, ada ya kujiandikisha, nyuzi, chakula, viza pale inapohitajika. Mtu anaweza kuwa bingwa wa W15 akarudi nyumbani na hasara. Hilo si siri, ITF wenyewe, shirikisho la tenisi la dunia, walilichunguza. Kwa hesabu za 2013, mchezaji wa kike alihitaji kuwa karibu nafasi ya 253 duniani ndipo mapato ya uwanjani yafikie gharama zake, na hapo hawakuhesabu pesa ya kocha.

Wajomba zetu wanaona Wimbledon kwenye runinga, na kule mambo ni mengine. Mwaka 2025, mchezaji aliyepoteza mechi ya kwanza Wimbledon katika droo kuu aliondoka na pauni 66,000, zaidi ya shilingi milioni 11. Alishindwa, akafunga begi, akapewa milioni 11. Mchezo ni uleule, raketi ni ileile, lakini wewe na yule hamfanyi kazi moja. Mtu asiyejua haya akisikia "mchezaji wa kulipwa" atakuona mchoyo. Simlaumu mjomba wako kwa kutojua. Namlaumu kwa "hii ni ya kuanzia".

Na hilo la Okutoyi, wajibu kwa upole. Kombe alilobeba Wimbledon mwaka 2022, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, lilikuwa la wasichana chipukizi wa wawili wawili. Ni Mkenya wa kwanza kufika hapo, na mimi nilipiga vigelegele jikoni peke yangu. Lakini mashindano ya chipukizi hayalipi zawadi ya fedha hata senti. Baada ya kombe lile hakununua jumba. Alikwenda Marekani kusoma na kuchezea Chuo Kikuu cha Auburn, akarudi kuivalia Kenya jezi, na Machi 2024 kule Accra akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika. Njia yake ilipitia darasani, na nitakapofika kwa mdogo wako utaona kwa nini nalisema hili.

Mama. Usimwambie sokoni, wala mbele ya wageni. Ngoja jioni akishaosha mikono ya omena na kukaa. Usianze na machozi, kwa sababu ukilia atakubembeleza na mazungumzo yataishia hapo. Fungua simu, mwonyeshe mgao wa zawadi za mashindano uliyocheza, mstari baada ya mstari, na kidole chako kiweke pale jina lako lilipoangukia. Weka pembeni risiti ya hoteli. Halafu mwambie hivi: "Mama, zile elfu kumi na tano hazikuwa zangu. Zangu ni hizi hapa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuona umefurahi." Kisha nyamaza. Atakasirika, pengine atauliza blanketi ulinunua na nini. Mjibu. Taja na jumla ya deni la simu, yote, hata lile unaloliona dogo.

Najua kinachokutisha si hasira yake. Unaogopa atakavyoenda Kibuye kesho yake na kuketi katikati ya wale wanaomwita Mama Dola. Mpwa wangu, aibu hiyo ni ya siku chache, wanawake wa soko wameona makubwa. Chama ndicho kisichosahau. Kila wiki mama anaposema pesa zimekwama benki, anaweka jina lake rehani kwa uongo ambao hata si wake. Siku wakijua, na watajua, hatapewa mkopo tena, na mama mjane bila chama ana nini Kisumu hii? Kwa hivyo mwende wote wawili kwa mwenyekiti wa chama kabla ya mkutano unaofuata, na mwende na kiasi mnachoweza kulipa kila mwezi, kikiwa kidogo lakini cha kweli. Chama kinaweza kupanga upya deni la mtu aliyekuja mwenyewe. Aliyefuatwa wanamchukulia viti.

Zile programu za simu, acha kukopa moja kulipa nyingine kuanzia leo. Lipa kwanza ile yenye riba kali, na hao wengine wapigie simu. Mjomba wa Ahero muache mwisho. Atumiwe ujumbe mfupi, usio na maelezo marefu: karo huna, na hukuwa nayo. Akinuna, baada ya mavuno hasira zitamwisha.

Uache tenisi? Hapa nitakuwa mkali kidogo. Usiache kwa aibu, na usiendelee kwa aibu. Naona barua yako yote inazunguka watu watasema nini, na hujaniambia hata mara moja kama bado unaupenda mpira wenyewe. Jiulize hilo ukiwa peke yako.

Umri wako si tatizo. Mayar Sherif wa Misri alipitia vyuo vya Marekani, akachukua taji lake la kwanza la WTA mwaka 2022 huko Parma akiwa na miaka 26, la kwanza kwa mwanamke wa Misri. Danielle Collins wa Marekani alimaliza chuo ndipo akaanza kuzunguka kwa dhati, na alicheza fainali ya Australian Open mwaka 2022 akiwa na miaka 28. Lakini sikupi majina haya ulale nayo. Wale walikuwa na kocha kila siku, mazoezi ya viungo, na mtu wa kuwafunga nyuzi. Wewe unakwenda Monastir ukiwa na raketi mbili, na asubuhi nyingine zote unapigishana mipira na wanachama wa klabu ambao hawawezi kukurudishia hata mpira wa kuanzishia. Tatizo lako ni kwamba umekuwa ukinunua tiketi kabla ya kununua mazoezi.

Tazama pointi zako. Kwenye W15 anayeshinda mechi moja ya droo kuu anapata pointi moja, anayefika robo fainali tatu, nusu fainali sita, bingwa 15. Kila pointi inadumu wiki 52, kisha inafutika, uwe umejeruhiwa au umekosa nauli. Ukizifukuzia mojamoja kwa mkopo utabaki hapohapo kwenye elfu moja na mia, ukilipa mlango uleule kila mwaka. Mtu wa daraja lako ana sababu ya kuendelea kusafiri kama anafika robo fainali mara kwa mara na anaona pengo la kwenda W35, daraja linalofuata, linapungua. Kama baada ya mwaka wa mazoezi ya kweli bado unatolewa siku ya kwanza au ya pili, hapo utakuwa umejibiwa na uwanja, si na binamu.

Kwa hivyo mwaka huu usiende kokote kwa pesa ya chama. Pakitokea mashindano ya ITF Nairobi, panda basi uende. Cheza ya hapa nchini yenye zawadi ya fedha. Ingia na mwenzako kwenye wawili wawili kila unapoweza, maana umeshalipa hoteli na nauli, ukae pale kwa nini ukiangalia? Wachezaji wengi wa nafasi kama yako huko Ulaya hawaishi kwa W15. Wanachezea ligi za vilabu Ujerumani na Ufaransa, klabu inawalipa kwa mechi, na ile pesa ndiyo inayowapeleka kwenye mashindano. Kwetu viza ya Ulaya ni mlima, najua, lakini kocha yeyote anayekufahamu anayeweza kukuunganisha na klabu ya huko, mwombe akuandikie. Barua haina nauli.

Mdogo wako asithubutu kuacha shule. Wewe mlango wa vyuo vya Marekani umeshakufungikia kwa kiasi kikubwa. Kanuni za NCAA, shirika la michezo ya vyuo vya Marekani, zimekuwa zikimpa mchezaji wa tenisi muda mfupi tu baada ya kumaliza sekondari, miezi sita, kabla ya kuanza kupoteza haki ya kucheza akiendelea kushindana nje. Kanuni hizi hubadilishwa, kwa hivyo aulize mapema, asingoje matokeo. Lakini yeye mlango wake uko wazi. Kwa miaka mingi, hadi 2025, timu ya tenisi ya wanawake ya daraja la juu huko iliruhusiwa kuwa na hadi nafasi nane za kusomeshwa bure kabisa, wakati wanaume wakigawana nne na nusu, na makocha wa Marekani wanatafuta wachezaji nje ya nchi yao bila haya. Wanachotaka ni alama za mtihani, matokeo ya mechi za chipukizi, na video. Ile simu unayowekea picha za bahari, kesho jioni isimamishe nyuma ya uwanja, kwenye waya, umrekodi akicheza seti nzima bila kukata. Ukifanya hivyo utakuwa umemsaidia kuliko zawadi yoyote ya Tunisia.

Kuhusu shule, kazi hiyo ichukue. Waliosema umefeli hawajui kwamba mwalimu anayelipwa kila mwezi anawazidi mapato wengi walio juu yako kwenye orodha. Lakini usitie sahihi kabla ya kuuliza mambo kadhaa. Je, likizo za Aprili, Agosti na Desemba ni zako, au watakuwekea kambi za watoto? Uwanja unaruhusiwa kuutumia na kocha wako alfajiri kabla ya masomo? Ukipata mashindano Nairobi katikati ya muhula, unapewa wiki? Watakulipia kozi ya ukocha ya ITF inayotolewa kupitia Tennis Kenya, na ukiondoka kabla ya muda fulani utatakiwa kuwarudishia? Bima ya matibabu ipo? Goti likiteguka leo, nani analipa?

Mwenye shule akikubali, asikubali kwa mdomo. Aandike kwenye mkataba, hasa hiyo Agosti na Desemba, kwa sababu mkuu wa shule wa leo anaweza kuhamishwa mwakani na anayekuja asikujue. Na mshahara wa kwanza ukiingia, nenda na mama kwa mwenyekiti wa chama kabla hujapita dukani.

Shangazi